Jioni ya Kuonyesha Sayansi: Mafunzo kwa Mwalimu na Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Tunaposikia neno "maonyesho", wengi wetu katika Afrika Mashariki huona akilini uwanja wenye vumbi, ng'ombe wa maziwa, mbegu mpya, matrekta na vibanda vya chakula. Ndivyo yalivyo maonyesho ya wakulima ya Jinja hapa Uganda, na ndivyo yalivyo ya Nane Nane nchini Tanzania. Makala haya yanahusu maonyesho ya namna nyingine. Ni yale ambayo chama cha wataalamu huyaandaa jioni, ndani ya ukumbi, ili watafiti waonyeshe kazi wanayoifanya wakati huohuo, wakiwa wamesimama karibu na vyombo vyao na kujibu maswali ya wageni.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Royal Society ya London, chama cha kifalme cha wanasayansi wa Uingereza. Msomaji anaweza kuuliza: je, hili linaihusu vipi Idara ya Kiswahili? Linatuhusu kwa sababu maonyesho hayo kimsingi ni tukio la lugha. Mtu anayejua jambo gumu anakutana uso kwa uso na mtu asiyelijua, naye ana dakika chache tu za kulieleza. Swali linaloongoza makala haya ni hili: mtaalamu katika hali hiyo hutumia lugha ipi, na huitumiaje? Tutapitia historia ya jioni hizo, tutazame mifano miwili, kisha tuone tunachoweza kukifanya hapa kwetu.

Chimbuko la chama na desturi ya kuonyesha

Tarehe 28 Novemba 1660, baada ya mhadhara wa Christopher Wren katika Gresham College, London, watu kumi na wawili walikubaliana kuanzisha chama cha kukuza elimu kwa njia ya majaribio. Mwaka 1662 chama kilipata hati ya kifalme. Mwaka huohuo Robert Hooke aliteuliwa kuwa msimamizi wa majaribio. Kazi yake ilikuwa kuleta majaribio mbele ya wanachama katika mikutano yao, wayaone kwa macho yao badala ya kuyasoma tu.

Wito wa chama ni maneno matatu ya Kilatini, Nullius in verba, yenye maana kwamba mtu asikubali jambo kwa sababu tu fulani amelisema. Waswahili wana usemi unaokaribiana nao: za kuambiwa, changanya na zako. Kwa hiyo kuonyesha hakukuwa pambo. Kulikuwa ndiyo njia ya kuthibitisha. Aliyedai kwamba hewa ina uzito alitakiwa kuleta pampu na mizani, wenzake wakatazama.

Wageni nao walionyeshwa. Tarehe 30 Mei 1667 Margaret Cavendish, mwandishi na mke wa Duke of Newcastle, alikuwa mwanamke wa kwanza kuhudhuria mkutano wa chama hicho. Alionyeshwa namna ya kupima uzito wa hewa, nyama ikiyeyushwa ndani ya kimiminika kikali, na hadubini. Baada ya siku hiyo ilipita karibu karne mbili na robo tatu kabla wanawake hawajakubaliwa kuwa wanachama kamili: Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson walichaguliwa mwaka 1945.

Swali la lugha

Walimu wa lugha wanapaswa kuikumbuka miaka hiyo kwa sababu nyingine pia. Lugha ya wasomi wa Ulaya wakati huo ilikuwa Kilatini. Kiingereza kilikuwa lugha ya soko, ya nyumbani na ya jukwaa la maigizo. Hata hivyo, jarida la Philosophical Transactions, lililoanzishwa na katibu wa chama, Henry Oldenburg, mwaka 1665, lilitoka kwa Kiingereza. Mwaka 1667 Thomas Sprat alitoa kitabu cha historia ya chama, na humo akaeleza kwamba wanachama walitakiwa kuacha maneno ya kujitapa na tamathali zisizo na kazi, na kusema kwa uwazi. Alisema kwamba walipendelea lugha ya mafundi, watu wa mashambani na wafanyabiashara kuliko lugha ya wasomi.

Mabadiliko hayo hayakuja siku moja. Isaac Newton alichapisha kitabu chake kikuu cha mwendo na nguvu za uvutano kwa Kilatini mwaka 1687. Kitabu chake kuhusu mwanga, kilichotoka mwaka 1704, alikiandika kwa Kiingereza. Mwandishi ni yuleyule. Tunapoambiwa kwamba Kiswahili "hakijakomaa" kubeba sayansi, tukumbuke kwamba hata Kiingereza kiliwahi kuwa lugha ambayo msomi alisita kuitumia. Kilikomaa kwa kutumiwa.

Tuchukue neno moja tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1665, Hooke alieleza alichokiona alipoweka kipande chembamba cha gome la mti, aina inayotumika kutengeneza vizibo vya chupa, chini ya hadubini. Aliona vijishimo vingi vilivyotenganishwa na kuta nyembamba, mfano wa sega la nyuki. Akaviita kwa neno la Kiingereza lililokuwa na maana ya chumba kidogo. Hakubuni neno geni. Alichukua neno la kila siku na kulipa kazi mpya, na msomaji wake alipata jina na picha kwa pamoja.

Neno hilo lilipofika kwetu likawa "seli". Mwanafunzi wa Kiswahili hupata jina lakini picha haipati, ila pengine atakumbuka seli za kituo cha polisi, ambazo kwa hakika zimetokana na neno lilelile. Wapo wanaopendelea "chembe hai". Istilahi hii ina picha, lakini ni picha nyingine: punje ndogo, si chumba. Sisemi kwamba moja ni sahihi na nyingine ni kosa. Ninachosema ni kwamba kila istilahi huja na picha yake au huja bila picha, na mwalimu hana budi kujua anampa mwanafunzi kipi.

Kutoka mkutano wa wiki hadi jioni ya wageni

Kadiri sayansi ilivyopanuka, mikutano ya kawaida ikawa ya kusoma makala marefu ya kitaalamu. Haja ya kuonyesha na kuzungumza ikahamia kwenye karamu za jioni. Katika miaka ya 1830 rais wa chama, mtoto wa mfalme aliyekuwa na cheo cha Duke of Sussex, aliwakaribisha wanasayansi na wageni mashuhuri katika kasri la Kensington. Marais waliomfuata waliendeleza desturi hiyo, na baadaye chama chenyewe kikaichukua. Kufikia mwisho wa karne ya 19 palikuwa na jioni mbili kila mwaka: moja ya wanaume, na nyingine ambayo wanawake pia walialikwa.

Jioni hizo ziliitwa conversazione, neno la Kiitaliano linalomaanisha mazungumzo. Jina hilo lina maana kwetu, kwani halisemi "mhadhara" wala "hotuba". Mgeni alipita kutoka meza moja hadi nyingine, akatazama, akauliza, akabishana. Msomaji aliyekulia pwani atakumbuka baraza za jioni, ambako habari hutolewa, hupingwa na kusahihishwa palepale. Tofauti ni kwamba kwenye baraza hii kila msemaji alikuja na kitu cha kuonyesha.

Mfano wa kwanza: taa iliyokuwa ikifoka

Mwezi Juni 1899, katika jioni ya wanawake, wageni walishangaa kuona kwamba chombo kilichoonekana cha hatari kuliko vyote kilisimamiwa na mwanamke. Huyo alikuwa Hertha Ayrton, na chombo chake kilikuwa taa ya tao la umeme iliyofungiwa ndani ya kioo.

Taa za aina hiyo ndizo zilizokuwa zikimulika barabara na kumbi kubwa zama hizo. Vijiti viwili vya kaboni viligusanishwa, umeme ukapita, kisha vikatenganishwa kidogo. Umeme uliendelea kuruka katika mwanya uliobaki na kutoa mwanga mkali. Tatizo ni kwamba mara kwa mara taa ilianza kufoka kama nyoka na mwanga ukayumbayumba. Watu walijua kwamba hali hiyo hutokea umeme unapozidi kiasi, lakini sababu yake haikujulikana.

Ayrton aliitafuta. Kwenye ncha ya kijiti kimojawapo, joto lilichimba kishimo. Umeme ulipoongezeka, kishimo kilipanuka hadi kikavuka ukingo wa ncha. Hapo hewa ya nje ikapata njia ya kuingia, oksijeni ikaikuta kaboni yenye joto kali, nayo ikaungua. Kuungua huko ndiko kulikoleta sauti. Uthibitisho wake ulikuwa mwepesi kueleweka: zuia hewa, taa inanyamaza, ruhusu hewa, taa inafoka tena. Mtu asiyejua hata kanuni moja ya fizikia angeweza kuona na kukubali.

Mambo yaliyofuata yanaonyesha kwamba kueleweka si sawa na kukubalika. Mwaka 1901 makala yake kuhusu tao la umeme yalisomwa mbele ya Royal Society na mwanamume, John Perry, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kusoma. Mwaka 1902 alipendekezwa kuwa mwanachama, akakataliwa kwa hoja kwamba sheria haikumruhusu mwanamke aliyeolewa. Mwaka 1904 alisoma mwenyewe makala yake kuhusu mikunjo ambayo mawimbi huiacha kwenye mchanga, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika chama hicho, na mwaka 1906 chama kilimpa Nishani ya Hughes. Uanachama hakuwahi kuupata. Jioni ya maonyesho ilimfungulia mlango ambao mkutano rasmi ulikuwa umeufunga. Jambo hilo linatukumbusha kwamba jukwaa la mazungumzo laweza kuwasikiliza watu ambao jukwaa la vyeo huwanyamazisha.

Mfano wa pili: ramani za mbung'o

Royal Society ina historia hapa Uganda pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kando ya Ziwa Victoria, hasa Busoga, Buganda na visiwani. Hukadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka hiyo. Mwaka 1902 chama kilituma tume yake ya kwanza Entebbe: George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Castellani aliona vimelea katika majimaji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 akaja David Bruce, ambaye alikuwa amekwisha kuchunguza vimelea vya jamii hiyo katika ng'ombe kusini mwa Afrika, naye akashuku mbung'o.

Ili kupata uthibitisho alihitaji kujua mbung'o wanapatikana wapi na wagonjwa wako wapi, katika eneo kubwa ambalo yeye hakulijua. Waliolijua walikuwa wenyeji. Kwa msaada wa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, machifu na watu wao walikusanya wadudu na kutoa habari za wagonjwa. Zilichorwa ramani mbili, ya ugonjwa na ya mdudu, nazo zikalingana. Majaribio ya kuwaacha mbung'o wanyonye damu ya wagonjwa na kisha ya nyani wadogo yaliongeza uzito.

Tuangalie upande wa lugha. Aliyetumwa kukusanya wadudu hakuambiwa jina la Kilatini. Waganda walikuwa na jina la mdudu huyo, kivu, na jina la ugonjwa, mongota. Bila majina hayo kazi isingefanyika. Ujuzi uliochapishwa London kwa Kiingereza ulikuwa umepita kwanza katika Luganda. Miaka michache baadaye, kuanzia 1906, serikali ya kikoloni iliamuru watu wahame ufukweni, na baadaye visiwani. Mtu anayeambiwa aache shamba, mtumbwi na makaburi ya wazee wake kwa sababu ya inzi anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Ufafanuzi hapo si anasa ya wasomi.

Jina si ufafanuzi

Neno "malale" linatupa somo zuri la darasani. Limetokana na kitenzi "lala", na kila anayelisikia hudhani ameuelewa ugonjwa. Lakini usingizi usio wa kawaida ni dalili ya baadaye, vimelea vinapokwisha kuingia katika ubongo. Mwanzoni mgonjwa huwa na homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, dalili ambazo wengi huzidhania kuwa za malaria. Anayengoja usingizi ndipo aende hospitali amekwisha chelewa.

Isitoshe, malale ni ya aina mbili. Moja huenda taratibu kwa miezi au miaka. Nyingine humwangusha mtu katika wiki au miezi michache. Uganda ndiyo nchi pekee iliyo na aina zote mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchi yetu imeitokomeza ile ya taratibu kama tatizo la afya ya jamii, na miongoni mwa silaha zilizotumika kaskazini-magharibi ni vipande vidogo vya kitambaa cha buluu vilivyotiwa dawa, kwa kuwa rangi hiyo huwavuta mbung'o. Aina ya pili hukaa pia katika ng'ombe, kwa hiyo mfugaji naye ni sehemu ya habari hii.

Katika darasa la tafsiri nimekuwa nikiwapa wanafunzi kipande kifupi kuhusu ugonjwa huu. Wengi hukimbilia kamusi, na kamusi tunazo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Hurudi na tafsiri ambayo kila istilahi yake ni sahihi. Kisha humwomba mwenzao wa darasa lingine aisome na aseme mfugaji afanye nini. Mara nyingi hasemi kitu. Kwa maoni yangu, upungufu wetu mkubwa leo haumo katika istilahi. Umo katika mazoezi ya kufafanua.

Maonyesho ya siku hizi

Jioni za Royal Society zimebadilika. Karamu ya wanachama na wageni waalikwa bado ipo, lakini kando yake kuna maonyesho ya wiki nzima ya majira ya kiangazi, kwa kawaida mwanzoni mwa Julai, katika makao ya chama mtaa wa Carlton House Terrace. Kuingia ni bure, na wanafunzi wa shule huja kwa makundi. Mwaka 2010, chama kilipotimiza miaka 350, yalihamishiwa Southbank Centre. Mwaka 2020 na 2021, kwa sababu ya UVIKO-19, yalifanyika kwa njia ya mtandao, na mwaka 2022 watu walirudi ukumbini.

Taratibu zake ni chache. Vikundi vya watafiti huomba nafasi na huchaguliwa. Wanaosimama mezani ni watafiti wenyewe, wengi wao vijana, si maofisa uhusiano. Kila meza huwa na kitu cha kushika, kusukuma au kutazama. Mtafiti mmoja huulizwa swali lilelile mara nyingi kwa siku, na mtoto wa miaka kumi na profesa mstaafu, naye hulazimika kubadilisha maelezo kila mara bila kubadilisha ukweli.

Tunaweza kufanya nini?

Kiswahili nchini Uganda kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Siku hiyo aghalabu tunakariri mashairi, tunacheza ngoma na kusikiliza hotuba kuhusu umuhimu wa lugha. Hayo ni mema. Napendekeza tuyaongezee jioni moja ya kuonyesha sayansi kwa Kiswahili, kwa utaratibu ufuatao:

1. Kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu aunganishwe na mwanafunzi wa sayansi, kilimo au tiba anayefanya utafiti. Wakae pamoja kwa wiki nne.

2. Kila jozi ilete kitu kimoja cha kuonekana au kushikwa: mtego wa mbung'o, mche uliopandikizwa, maji yaliyochujwa. Maandishi matupu ukutani yasikubaliwe.

3. Maelezo yasizidi dakika tatu. Istilahi itumike baada ya kitu kuonyeshwa, si kabla.

4. Waalikwe watu wasio wa chuo: wafugaji, wauza samaki, waendesha bodaboda, walimu wa shule za msingi. Hao ndio watahini wa kweli.

5. Mwanafunzi wa Kiswahili aandike kila swali aliloulizwa na kila neno ambalo mgeni alilitumia mahali pa istilahi. Orodha hiyo ihifadhiwe idarani.

Hatua ya tano ndiyo yenye faida ya kudumu. Mgeni anaposema "mdudu wa damu" mahali tulipoandika "kimelea", ametuonyesha alikosimama, nasi tunajua pa kuanzia. Kwa miaka michache tutakuwa na hazina ya maneno yaliyotoka midomoni mwa watu.

Wapo watakaosema kwamba wanasayansi wetu wamesomea Kiingereza tangu shule ya msingi na hawataweza. Ni kweli kwamba itakuwa vigumu, na ndiyo sababu wanaunganishwa na wanafunzi wetu. Mwanasayansi anamiliki jambo. Mwanafunzi wa lugha anamiliki njia ya kulifikisha. Kila mmoja peke yake ni nusu ya kazi. Tena mwanafunzi wetu atagundua ujuzi wa kuuza katika soko la ajira: hospitali, mashirika ya kilimo na redio zote zinahitaji watu wa namna hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba jioni za Royal Society zilianza kama njia ya kuthibitisha, zikawa karamu ya wakubwa, na sasa ni wiki ambayo yeyote anaweza kuingia na kuuliza. Tumeona pia kwamba lugha iliyozibeba ilikuwa ikidharauliwa na wasomi wa wakati wake, na kwamba sehemu ya sayansi iliyochapishwa huko ilikusanywa hapa kwetu kwa maneno ya wenyeji. Kiswahili hakihitaji kusubiri kamusi nyingine ndipo kianze. Kinahitaji meza, kitu juu ya meza, mtu anayekijua kitu hicho, na mgeni aliye huru kuuliza.

Walimu na wanafunzi watakaopenda kushiriki katika jioni ya kwanza wawasilishe majina yao katika ofisi ya Idara kabla ya muhula kumalizika, pamoja na jina la mwenzao wa sayansi na kitu watakachokionyesha.